Kifaduro: dozi imeisha, mbona mtoto bado anakohoa?

Hapa Kigoma, kila mama mwenye mtoto wa kifaduro huniuliza swali hilo. Zamani nilikuwa nikijibu "vumilia, mama". Siku hizi namweleza kilichoharibika ndani.

Njia ya hewa imetandwa seli zenye vinyweleo vidogo mno, vinavyopiga zaidi ya mara 10 kwa sekunde kusukuma ute na vumbi kuelekea kooni. Bakteria wa kifaduro, Bordetella pertussis, hunata palepale kwenye vinyweleo na kumwaga sumu. Mojawapo ni kipande cha ukuta wake mwenyewe. Bakteria wengi hukirudisha ndani wanapokua. Huyu hukiachia nje. Majaribio ya maabara yameonyesha jambo la ajabu: kipande hicho huchokoza seli jirani zinazotoa ute, nazo hutoa gesi ya naitriki oksaidi, na gesi ndiyo inayoua seli za vinyweleo. Zikifa, zinabanduka. Ute mzito unabaki bila wa kuusukuma, mtoto anakohoa mfululizo mpaka anaishiwa pumzi, kisha anavuta hewa kwa mlio na kutapika.

Azithromaisini, antibiotiki ninayotoa kwa kifaduro, huua bakteria, haioteshi vinyweleo. Vinyweleo huchukua wiki kadhaa kurudi. Ukiianza dawa kikohozi kikiwa tayari cha vipindi vya kukohoa mfululizo, usitarajie kitulie haraka. Faida yake kubwa ni kukata maambukizi. Kwa wa chini ya miezi 6 natoa mg 10 kwa kila kilo, mara moja kwa siku, siku 5. Wa kilo 4 anapata mg 40, yaani ml 1 ya dawa ya maji yenye mg 200 katika ml 5. Napima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwa sababu kijiko cha chai kingempa mara 5 ya dozi. Wanaoishi naye nyumba moja nao wanameza dawa.

Kwa mtoto mchanga usisubiri mlio. Wengi hawautoi, wanaacha tu kupumua na midomo inageuka bluu. Huyo analazwa, na mama anaonyeshwa jinsi ya kumlaza ubavu, kichwa chini kidogo, kipindi kinapoanza. Oksijeni naipitisha kwa mirija mifupi ya puani, lita 0.5 hadi 1 kwa dakika. Mrija mrefu wa kufika kooni unaamsha kikohozi, sawa na kijiti cha kukandamizia ulimi, kwa hiyo koo silichunguzi bila sababu. Dawa za kutuliza kikohozi na za usingizi sitoi kabisa: zikimzuia kukohoa, ute utatokaje?

Akitapika, namwomba mama asubiri kidogo kisha anyonyeshe tena, kidogo kidogo na mara nyingi. Moshi ni adui mwingine. Jiko la kuni au tanuri la kukaushia samaki aina ya migebuka likiwa karibu na anapolala, kila wingu linaleta kipindi. Mabibi hunibishia hapo, lakini nasisitiza: "Bibi, moshi uhame, au mtoto ahame."

Na kadi ya kliniki naiangalia papo hapo. Chanjo ya Penta, yenye kinga ya kifaduro ndani yake, ni wiki ya 6, 10 na 14. Iliyorukwa inapangwa kabla hawajaondoka. Homa ikipanda, au mtoto akipumua kasi hata katikati ya vipindi, huenda nimonia imeshaingia juu ya kifaduro: arudi siku hiyohiyo.