Wino ulivyotambaa chini ya mabakuli 12

Hii ilikuwa 2013, bado najifunza kukereza, yaani kuchonga mbao ikizunguka kwa mashine, kwa Mzee mmoja pale soko la Gikomba, Nairobi, kibanda cha mabati na mashine moja tu ambayo mota yake ikichoka inanuka kama mkate umeungua. Tulikuwa tunatoa miguu ya meza, michi, mabakuli, na siku ukipata jakaranda umebarikiwa, inakatika laini hadi maranda yanatoka marefu kama utepe.

Jumamosi moja nikapeleka mabakuli Maasai Market, ile ya mjini pale kwa parkingi ya mahakama. Mama mmoja akachukua moja, ndani hata hakuangalia, akaligeuza juu chini. "Mbona hakuna jina? Nitajuaje ni wewe umetengeneza na si umenunua mahali?" Nikaapa ni mimi. Akacheka, akasema sawa, nitengenezee 12 za zawadi, chini kuwe na jina, mwaka na aina ya mti, nakuja Gikomba mwenyewe Jumamosi baada ya ijayo saa kumi.

Nikakereza kama mtu ana pepo. Zikiisha nikanunua maka peni nyeusi nikaziandika zote kwa mwandiko wangu mzuri wa darasa la nane, zikapendeza hadi nikapiga picha. Ile Jumamosi asubuhi na mapema nikachanganya vanishi na thina nikaanza kupaka.

Herufi zikaota miguu. Si mara moja, polepole, wino unafuata nyuzi za mbao kwa sababu mbao ni mirija mitupu, na kabla sijamaliza ya tatu jina langu kwa ile ya kwanza limeshakuwa doa la zambarau kama mtu amemwaga zambarau zenyewe. Zile zingine sikuwa nimepaka nazo ukiangalia kwa karibu zilikuwa zimeshaanza kutambaa.

Mzee hakunigombeza, na hiyo ndiyo mbaya. Akauliza, "Kijana, thina huwa unaoshea nini?"

"Brashi, Mzee."

"Na brashi huwa na nini?"

"Rangi."

Akaenda kunywa chai.

Msasa haukusaidia, wino ulikuwa umeingia ndani. Ikabidi nichonge kibao cha duara, mdomo wa bakuli ubane hapo, nirudishe moja moja kwa mashine nikwangue kitako. 11 zikapona. Moja nilikuwa nimeiacha nyembamba tangu mwanzo, patasi ikapita mpaka upande ule mwingine, tundu la kutosha shilingi kumi. Ningekuwa mjanja ningeuza kama chujio.

Nikakimbia kwa fundi wa redio jirani anikopeshe solda, kile chuma cha moto cha kuunganishia nyaya, niandike kwa kuchoma. Kuchoma si kama kuandika jamani, ncha ikifika pale mbao ni ngumu inakwama, ikifika palaini inazama, ukisita kidogo tu unapata shimo jeusi. Lile la tundu likawa daftari la mazoezi, kitako chote na pembeni. Nikaamua jina zima litanimaliza, nikaweka herufi mbili za mwanzo, 2013, jakaranda. Nimefika ya saba, stima ikapotea. Saa tisa hiyo. Nne za mwisho nilizichomea msumari wa inchi sita kwa jiko la mama chai, nimeushika na koleo, na yeye analalamika namharibia makaa.

Mama alifika saa kumi kamili, sijui ni nani huja kwa wakati Nairobi. Ya 12 sikuwa nayo, Mzee akatoa moja yake kwa rafu bila kusema kitu. Mama akaanza kugeuza moja moja, zile nne za msumari akazitenga akasema hizo ni zake, hazitoki kwa nyumba. Akafika ya Mzee. Hakuna jina. Kuna mistari mitatu tu imezunguka kitako, ile inakatwa na ncha ya patasi mbao ikiwa bado inazunguka, haina wino haina moto.

"Na hii ni ya nani?"

Nikamwambia ni ya Mzee, hiyo mistari mitatu muulize mtu yeyote hapa wa mbao. Akapitisha kidole gumba hapo kama mara tatu, akaifunga kwa gazeti lake peke yake, akaongeza pesa juu.

Mzee nilipomwambia aliuliza tu ni ngapi.