Maghorofa ya rangi ya Cedar-Riverside

Ukishuka kwenye treni kituo cha Cedar-Riverside hapa Minneapolis, Marekani, lazima uyaone: maghorofa marefu ya zege yenye mabamba mekundu, ya njano na ya buluu. Wageni wengi kutoka nyumbani huamini yalijengwa kwa ajili ya wakimbizi. Sivyo, na inaniuma vijana wetu wanapokua humo bila kujua.

Yalifunguliwa 1973 kwa jina la Cedar Square West, miaka mingi kabla vita havijawaleta Wasomali huku. Mbunifu Ralph Rapson alikusudia mji ndani ya mji, watu wapatao 30,000, tajiri na fukara wakipanda lifti moja. Serikali kuu ilidhamini mikopo ya mradi huo chini ya sheria ya miji mipya ya 1970. Ilisimama awamu ya kwanza tu, nyumba 1,303. Wakazi wa mtaa walikwenda mahakamani kupinga awamu zilizobaki, Rais Nixon naye alisitisha ruzuku mpya za nyumba mwezi Januari 1973. Madeni yakauelemea mradi, na katika miaka ya 1980 serikali ikauchukua.

Ruzuku ya kodi ya nyumba iitwayo Section 8, iliyoanzishwa 1974, ndiyo inayowaweka wengi mjini humu. Mpangaji hulipa takriban asilimia 30 ya kipato chake, serikali humalizia kwa mwenye nyumba. Nina jirani, mama wa Kisomali aliyejifunzia Kiswahili Eastleigh, Nairobi, anafanya usafi hotelini. Kila mwaka, kipato chake kinapokaguliwa upya, meza yake ya kulia hujaa hati za mshahara na barua za benki, anazipanga moja moja akiogopa isikosekane hata karatasi moja. Walipompunguzia saa za kazi, alipeleka hati mpya na kodi ikashuka. Hakuhama, na watoto hawakubadili shule. Mimi naona hapo sheria ilifanya kazi yake.

Ila Marekani haihesabu msaada huu kuwa haki. Kati ya kaya nne zinazostahili, ni takriban moja tu inayoupata, nyingine zinangoja. Kwa nchi yenye utajiri huu, ni aibu. Basi ndugu yangu uliyefika juzi, orodha za kungojea ruzuku zikifunguliwa andikisha jina kwenye zaidi ya moja, maana hufungwa haraka. Ukihama, wapelekee wenye orodha anwani mpya siku hiyo hiyo. Barua yao ikirudishwa au ikikosa jibu, jina lako linaweza kufutwa.