Mshale unaojifanya mgumu: kumbukumbu ya upinde wa pauni 35

Hatimaye mishale mitupu, ile isiyo na manyoya inayopigwa ili kupima kama mshale unalingana na upinde, inaingia kundi moja na yenye manyoya kwa mita 15. Chanzo cha tatizo kilikuwa kinyume kabisa cha kile ambacho jedwali la kusoma mishale linasema, na ndiyo maana limechukua muda mrefu namna hii. Anayenunua vifaa vyake vya kwanza ataangukia shimo hilihili, hasa akifuata ule ushauri wa kawaida wa kuanza na mawano (vijiti vya mishale) marefu na vichwa vizito, halafu kupunguza.

Vifaa vyenyewe: upinde wa inchi 62 wenye ncha zilizopinda mbele, unaofunguka vipande vitatu, umeandikwa pauni 35 kwa inchi 28. Upote, yaani kamba ya upinde, ni wa Dacron, nyuzi 14. Nafasi kati ya mpini na upote ni inchi 7½. Rafu, ile sehemu iliyochongwa kwenye mpini, imekatwa kupita katikati kidogo, na mshale unakaa juu ya rafu yenyewe. Mawano ni ya kaboni yenye ugumu wa 700 (namba ikiwa kubwa zaidi, wano ni laini zaidi), yakiwa na urefu wote wa kiwandani, inchi 31½. Vichwa vya greni 175 (greni ni kipimo kidogo cha uzito, kama gramu 0.065). Manyoya matatu ya inchi 4. Kila kinachosemwa hapa kuhusu kushoto na kulia ni kwa anayevuta kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze.

Jambo moja kuhusu namba iliyoandikwa kwenye upinde, kwa kuwa ndipo hesabu zinapoanza kuharibika. Pauni 35 ni kwa kuvuta inchi 28. Mpigaji wa upinde huu anavuta 27, na mizani ya kuning'iniza inasoma 33. Kila inchi ni pauni 2 hadi 3 juu au chini. Kwa hiyo jedwali la mishale lisomwe kwa namba ya mizani, si ya kibandiko. Na kwa anayeanza, 35 ni mwisho wa juu. Pauni 25 hadi 30 zinafundisha vizuri zaidi, maana mwili ukichoka vidole vinang'ang'ania upote, na hakuna kipimo cha mshale kinachoaminika kwa vidole vilivyochoka. Upinde unaofunguka unakuruhusu kubadilisha mikono ya upinde tu baadaye na kubaki na mpini uleule. Kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuununua badala ya ule wa kipande kimoja.

Sasa tatizo. Mishale mitatu yenye manyoya ilikuwa inaingia katikati ya shabaha, kwa kundi la upana wa kiganja. Mishale miwili mitupu, isiyo na manyoya, ilikuwa inaangukia kushoto kwa sentimita 25 hivi, mikia ikielekea kulia. Kila jedwali linasema neno moja: kushoto ni mgumu. Dawa ya mshale mgumu ni kuulegeza, na njia rahisi ya kuulegeza ni kuongeza uzito mbele. Vichwa vikabadilishwa kuwa greni 200.

Ikaenda kushoto zaidi. Sentimita 35, safari nyingine 40, na sasa makundi yenyewe yakaanza kutawanyika.

Kabla ya kuendelea na kushoto na kulia, juu na chini lazima pawe pametulia. Alama ya upote, pale mkia wa mshale unapokaa, ilikuwa milimita 10 juu ya mstari wa mraba (ule unaotoka kwenye rafu na kukutana na upote kwa pembe mraba), na mishale mitupu ilikuwa inaingia mikia ikiwa juu. Ukisoma hivyo bila kufikiri utashusha alama, kumbe mara nyingi ipo chini mno: mkia unagonga rafu, unaruka, unaingia ukiwa juu. Alama ilipandishwa hadi milimita 14 na mikia ikalala sawa. Weka alama mbili, moja juu na nyingine chini ya noki (kifaa cha mkiani kinachoshika upote), ukiacha nafasi ndogo sana kati yake. Alama moja peke yake inaruhusu mshale kuteleza kwenye upote wakati wa kuachia. Anayevuta vidole vyote vitatu chini ya mshale atahitaji kupandisha zaidi.

Hilo lilikwisha, kushoto kukabaki palepale.

Ushauri uliofuata wa majedwali ulikuwa kupunguza unene wa ngozi ya pembeni, ile inayobandikwa kwenye mpini ambapo mshale unapita. Ngozi nyembamba inausogeza mshale kuelekea katikati ya upinde, na hapo upinde unakubali mshale mgumu zaidi. Ngozi ya milimita 3 ikatolewa, ikawekwa feliti (kitambaa cha sufu iliyoshindiliwa) ya milimita 1. Hali ikawa mbaya kuliko zote zilizotangulia, na safari hii kukasikika sauti: *tak*, kavu, kila mshale ulipotoka.

Sauti hiyo ndiyo iliyotoa jibu, na inaudhi kwamba haikusikilizwa mapema, kwa sababu ilikuwepo tangu mwanzo kwa sauti ya chini. Chaki ya unga ilipakwa kwenye wano kuanzia noki kwenda mbele, mishale mitatu ikapigwa. Chaki ilifutika upande wa mpini, na feliti ilikuwa nyeupe. Mshale haukuwa unapita, ulikuwa unagonga.

Kinachotokea ni hiki. Vidole vikiachia, upote unakwenda pembeni kidogo na wano linapinda. Mshale uliolingana na upinde unapinda kiasi cha kuuzunguka mpini bila kuugusa. Ulio mgumu haupindi vya kutosha, unakwenda kushoto. Uliolegea unapinda kupita kiasi na kwenda kulia. Lakini ukilegea mno, sehemu ya nyuma inarudi na kuupiga mpini, na mpini unautupa mshale kushoto. Kwa macho, hali ya kwanza na ya mwisho zinafanana. Mshale umelegea, unajifanya mgumu. Na kila dawa ya ugumu unayoipa inazidisha ugonjwa.

Ukiangalia namba, dalili zilikuwa wazi. Wano la 700 likiwa na inchi 31½ na greni 175 mbele ni laini sana kwa upinde wenye rafu iliyokatwa kupita katikati. Pinde ndefu za kizamani ambazo rafu yake haifiki katikati zinataka mshale laini, na ushauri mwingi unaozunguka unatoka kwao. Rafu iliyokatwa zaidi inataka ugumu zaidi kwa pauni zilezile.

Jaribio la kuthibitisha ni rahisi na halikati kitu: vichwa vya greni 125. Mishale mitupu ikahama kutoka kushoto hadi kulia kwa sentimita 30, na ile *tak* ikanyamaza. Huo ndio ulegevu wa kweli, unaosomeka kama jedwali linavyosema. Kwa hiyo kanuni ya kazi hapa: ukibadilisha kichwa na mshale ukaenda upande usiotarajiwa, acha kuliamini jedwali, paka chaki.

Baada ya hapo ni kukata. Mishale mitupu ikatwe upande wa noki, maana noki inatoka kwa mkono na kichwa kinabaki kimegundishwa. Kabla ya kupima, mkia uzungushiwe tepu ya umeme yenye uzito sawa na manyoya, kama greni 9 kwa haya matatu. Bila hivyo mkia mwepesi unaufanya mshale usomeke laini kuliko utakavyokuwa. Kata kwa kisahani cha kusagia kinachozunguka kwa kasi, kamwe si kwa kikata bomba, kinachoponda nyuzi za kaboni. Vaa barakoa, lowesha wano. Kisha pinda wano taratibu karibu na sikio: likilia, litupwe.

Nusu inchi ya kwanza ilileta sentimita 30 hadi 22. Baada ya hapo robo inchi kila mara, na mishale sita kwa kila urefu kabla ya kukata tena. Kwenye inchi 30 zilibaki sentimita 6. Kwenye 29¾ mishale mitupu iliingia ndani ya kundi. Sentimita hizo 6 za mwisho hazikuondolewa kwa kukata kwa pupa tu. Ngozi ya milimita 2 ilirudishwa pembeni badala ya feliti, na hiyo iliulegeza mpangilio upande unaotakiwa, yaani mshale laini ukakubalika zaidi. Chini ya feliti ungeweza kuweka njiti ya kiberiti iliyosimama wima, kazi ni ileile na sehemu ya kugusana inapungua.

Mshale uliokamilika una greni 350 hivi, yaani karibu 10.6 kwa kila pauni ya kuvuta. Ni mzito vizuri. Chini ya 8 upinde unaanza kupokea mshtuko ambao mshale ungepaswa kuubeba, na mikono ya upinde ndiyo inayolipa.

Maoni ya vifaa vidogo, kwa kuwa pesa nyingi hupotea hapo. Manyoya halisi tu kwa anayepiga juu ya rafu. Ya plastiki hayalali yanapogusa, yanarusha mkia. Kipande cha ngozi cha vidole kinaachia upote safi kuliko glavu, ambayo hutengeneza mfereji kwenye vidole na upote ukakwama humo. Kamba ya kufungia upinde si ya hiari. Kuupitisha upinde katikati ya miguu ili kuufunga upote kunapindua mikono yake na haipindukii kurudi. Na noki ijaribiwe: mshale uning'inie kwenye upote kwa uzito wake, ukigonga upote kwa kidole uanguke.

Hatua iliyofuata kwenye mpango ilikuwa kushona podo la ngozi. Imesimama, kwa sababu baada ya haya yote kipimo cha ugumu kinavutia zaidi. Misumari miwili imepigwa kwenye ubao kwa umbali wa inchi 26, na chupa ya maji imejazwa hadi gramu 907, ambazo ni pauni 2. Wano la mti linawekwa juu ya misumari, chupa inaning'inizwa katikati, unapima limeshuka milimita ngapi. Gawanya 660 kwa milimita hizo upate ugumu kwa pauni: likishuka 16.5 ni 40, likishuka 13.2 ni 50. Kingo za pete za mti zielekee juu, maana upande huo ndio mgumu na ndio utakaoegemea mpini. Mawano 24 ya msonobari yanasubiri kupangwa, na kundi moja halitavuka tofauti ya pauni 5.