Nilivyozizoea maikro, nano na piko

Ufundi wa redio na amplifaya nilijifunzia kwenye kibanda kimoja karibu na Luthuli Avenue, hapa Nairobi. Kulehemu nilishika upesi. Kapasita, vile vipande vidogo vya kuhifadhi chaji ya umeme, ndizo zilinitoa jasho. Fundi anakutuma, "Kijana, niletee nano mia." Dukani muuzaji anavuta droo: "Boss, ya nano mia sina. Kuna pointi moja maikro, na hizi zimeandikwa 104." Asiyejua hurudi mikono mitupu, na zote tatu ni kapasita ya ukubwa uleule.

Jedwali la vipimo halikunikaa kichwani hata kidogo. Kilichonisaidia ni kufuatilia majina yalikotoka. Maikro ni Kigiriki, mikros, yaani ndogo: faradi moja, kipimo cha ukubwa wa kapasita, ukiigawa mara milioni. (Faradi yenyewe ni jina la Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza.) Nano inatoka kwa nanos, kibeti. Kibeti huyo ni sehemu moja ya elfu ya maikro, kwa hiyo nano 100 ni maikro 0.1. Piko ni ndogo zaidi, mara elfu tena, ila asili yake si Kigiriki. Inahusishwa na Kihispania. Ukipanda juu, Wagiriki wamejaa: kilo ni elfu, mega ni kubwa, giga ni jitu, tera ni dubwana. Kilo ilianza kutumika kwenye vipimo vya Ufaransa mwaka 1795, ilhali nano na piko ziliidhinishwa kimataifa mwaka 1960.

Alama ya maikro ni µ, herufi ya Kigiriki, kwa sababu m ilishachukuliwa na mili. Viwanda vingi huandika u tu, na kapasita za zamani zina MFD. Hiyo si mega, ni maikrofaradi ileile.

Sasa ile 104. Shika kapasita ya seramiki, kile kidonge cha rangi ya udongo chenye miguu miwili. Tarakimu mbili za kwanza ziandike zilivyo, 10. Ya tatu ni idadi ya sifuri za kuongeza, nne. Unapata 100,000, na hizo ni pikofaradi. Ondoa sifuri tatu, ni nano 100. Kwa hiyo 473 ni nano 47, na 222 ni nano 2.2. Nilikuwa nafanyia mazoezi kwenye bodi mbovu, nang'oa moja moja, nasoma, kisha napima kwa mita kuona kama tumekubaliana.

Ukikuta 104K, hiyo K si kilo. Inaonyesha kiasi ambacho thamani inaweza kupotoka, asilimia 10. J ni 5, M ni 20. Volti nazo zitazame kabla ya kulipa: ikiwa ya zamani ilikuwa ya volti 50, usikubali ya 25 hata kama nano ni zilezile.