Kabla ya kukurupuka na algoriti, soma maswali uliyopoteza

Injini ya utafutaji ikitangaza sasisho kubwa la algoriti yake, yaani kanuni zinazopanga matokeo, makundi ya wenye tovuti hugeuka matanga. Huyu analia kapoteza nusu ya wasomaji, yule anasema tatizo ni viungo kutoka tovuti nyingine, mwingine anaapa kwamba dawa ni makala yasiyopungua maneno elfu mbili. Kufikia jioni kuna watu wamekwisha badilisha vichwa vya kurasa zao, wamefuta nyingine na wamelipia kozi. Ukimuuliza mmoja wao ni kipi hasa kilichoshuka, anakuonyesha grafu.

Mimi naendesha tovuti ya ufundi wa cherehani: uzi unaokatika, mishono inayorukwa, mashine inayogoma kuvuta kitambaa. Ni tovuti ndogo na karibu wasomaji wake wote hutoka kwenye utafutaji, kwa hiyo algoriti ikitikisika nasi tunatikisika. Nimepitia masasisho ya kutosha kuwa na msimamo, nao ni huu: grafu ya wasomaji haikuambii cha kurekebisha. Kinachokuambia ni maswali ambayo watu huyaandika kwenye utafutaji, yale yaliyokuwa yakikuletea wageni na sasa hayaleti.

Kwanza, subira. Sasisho la msingi, yaani badiliko pana la namna injini inavyopanga matokeo, halishuki kwa usiku mmoja. Lile la Machi 2024 la Google lilianza tarehe 5 Machi na kumalizika tarehe 19 Aprili. Katika kipindi chote hicho kurasa zilikuwa zikipanda na kushuka, na aliyebadilisha tovuti yake katikati hakuwa na njia ya kujua kilichomwinua au kumwangusha. Google wenyewe hushauri usubiri angalau wiki nzima baada ya sasisho kukamilika, kisha ulinganishe wiki hiyo na wiki moja ya kabla halijaanza. Mimi huongeza ulinganisho mmoja: kipindi kama hicho mwaka uliopita. Search Console, zana ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti watu wamemfikia kwa maswali gani, hutunza takwimu za miezi 16, kwa hiyo inawezekana. Mara nyingine unakuta ni msimu tu wa watu kushona kidogo, na algoriti haina hatia yoyote.

Baada ya hapo nafungua ripoti ya utendaji humo humo, nachagua vipindi viwili, naingia kwenye orodha ya maswali na kuipanga kwa tofauti ya mibofyo. Yaliyopoteza zaidi yanakaa juu. Sasa ndipo kazi inapoanza, na ni kazi ya kusoma, si ya kuhesabu.

Katika kushuka kwetu kukubwa kuliko kote, maswali ya juu kwenye orodha yalinishangaza. Ukurasa wetu kuhusu mvutano wa uzi ulikuwa umepoteza watu waliotafuta cherehani ya kununua: aina nzuri, bei, ipi bora kwa anayeanza. Ukurasa huo hausemi lolote kuhusu kununua. Unataja majina ya mashine kadhaa katika kueleza mahali ilipo skrubu ya mvutano, na kwa miaka hayo majina yalitosha kutuletea wanunuzi, ambao walifika, wakaona skrubu, wakaondoka. Grafu ilitisha, lakini ujumbe wa watu wanaoomba msaada wa kutengeneza mashine haukupungua hata kidogo. Tulichopoteza hakikuwa chetu, na hilo ndilo kundi la kwanza la maswali. Ningekuwa nimemsikiliza mshauri wa kwanza, ningeandika mwongozo wa kununua cherehani ili kuwarudisha watu nisio na cha kuwaambia.

Hii hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyokubali, na sababu yake inaeleweka. Injini za utafutaji zimehama kutoka kuoanisha maneno kwenda kuelewa swali. BERT, programu ya kuelewa lugha ambayo Google waliiingiza kwenye utafutaji wa Kiingereza Oktoba 2019 na Desemba mwaka huo huo wakaipeleka kwenye lugha zaidi ya 70, Kiswahili kikiwamo, ilikuwa hatua kubwa katika njia hiyo: neno linasomwa pamoja na majirani zake. Injini ikielewa kwamba mtu anataka kununua, ukurasa wa kutengeneza unatoka, na ni haki yake kutoka.

Kundi la pili la maswali ndilo linalouma, kwa sababu yalikuwa yetu na mwingine ameyajibu vizuri zaidi. Mfano mmoja. Watu hutafuta kwa nini uzi unajikusanya chini ya kitambaa, lile fundo la nyuzi zilizosokotana linaloizuia mashine kuendelea. Anayeshona akiona vurugu chini hufungua bobini, kwa kuwa bobini iko chini. Mara nyingi kosa liko juu: uzi wa juu haukukaa vizuri kati ya vile visahani vya mvutano, kwa kawaida kwa sababu ulipitishwa mguu wa kukandamiza kitambaa ukiwa umeshushwa. Mguu ukishushwa visahani hubana, uzi unapita pembeni yake bila kushikwa, na mashine inamwaga uzi chini. Dawa ni kuutoa uzi wote wa juu, kuinua mguu, kupitisha upya. Haichukui hata dakika.

Ukurasa wetu ulisema hayo yote, ila katika aya ya tano. Kabla yake kulikuwa na historia ya cherehani, umuhimu wa matengenezo na maana ya mvutano. Ndivyo kurasa zilivyoandikwa enzi zile, kila mtu akiamini kuwa urefu ni uzito. Nikauangalia ukurasa uliotupita. Hauna mbwembwe: picha mbili za visahani, mguu ukiwa juu na mguu ukiwa chini, sentensi nne, kisha orodha fupi ya la kufanya ikiwa tatizo halijaisha. Mwandishi alikuwa amepiga picha kwa mkono wake, kidole kinaonekana. Sikuhitaji algoriti kuniambia nani anastahili kuwa juu.

Kwa hiyo dawa ilikuwa uhariri. Jibu likaja mstari wa kwanza. Historia ikatoka. Tukapiga picha zetu, tukaongeza kitu ambacho yule mwenzetu hakuwa nacho: namna ya kujua kwa kuvuta uzi kwa mkono kama umeshikwa. Mguu ukiwa juu uzi unateleza, ukiushusha unakaza, usipokaza, haujaingia. Desemba 2022 Google waliongeza uzoefu wa mwandishi kwenye vigezo wanavyowapa wakaguzi wao wa ubora, na watu wengi wakakimbilia kuweka wasifu na picha ya mwandishi chini ya kila ukurasa. Wasifu si mbaya. Ila anayeijua kazi huonekana katika sentensi kama hiyo ya kuvuta uzi, ambayo asiyewahi kukaa kwenye mashine hawezi kuibuni.

Jambo jingine lililotufaa ni kuunganisha kurasa. Tulikuwa na ukurasa wa uzi kukatika, mwingine wa cherehani kukata uzi, na mwingine wa uzi wa juu kukatika kila wakati. Zamani hiyo ilikuwa mbinu ya kawaida, kila namna ya kuuliza na ukurasa wake. Sasa zinagombea swali lile lile na kudhoofishana. Tulichagua iliyo bora, tukahamishia humo kilichokuwa kizuri kwenye nyingine, tukaweka uelekezaji wa kudumu wa 301, unaompeleka mgeni wa anwani ya zamani kwenye ukurasa mpya, ili viungo vya watu visife. Wale wanaofuta nusu ya tovuti kwa pupa, wakidhani algoriti inapenda tovuti nyembamba, hutupa pamoja na takataka kurasa ambazo watu wamekuwa wakiziwekea viungo kwa miaka.

Ushauri mwingi unaozunguka ni wa vita vilivyokwisha. Panda, sasisho la Google la Februari 2011 ambalo walisema liligusa asilimia 11.8 ya utafutaji Marekani, lililenga kurasa hafifu zilizofyatuliwa kwa wingi; kutoka hapo ikazaliwa imani ya maneno elfu mbili. Penguin, sasisho jingine la Aprili 2012, ilifuata viungo vya kununua, na tangu 2016 imo ndani ya algoriti kuu, ikivipuuza viungo hivyo zaidi kuliko kuiadhibu tovuti nzima. Bado nakutana na watu wanaojaza ile lebo ya maneno muhimu kwenye msimbo wa ukurasa, ilhali Google walitangaza mwaka 2009 kwamba hawaitumii kupanga matokeo. Na anayekuuzia nafasi ya kwanza kwa dhamana, mwache apite. Google wenyewe wameandika kwamba hakuna anayeweza kuidhamini.

Ya kiufundi nitayapita haraka kwa kuwa yamesemwa sana. Sehemu kubwa ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, vitu visirukeruke wakati wa kupakia, kitufe kikiguswa kijibu ndani ya milisekunde 200. Fanya hivyo kwa ajili ya msomaji mwenye simu ya kawaida, wala usitarajie kwamba ukurasa mbovu utapanda kwa kuwa na mbio. Ila kimoja kikague leo: fungua tovuti yako kwenye simu na uhakikishe kila kilichomo kwenye kompyuta kimo na huko pia. Injini inasoma toleo la simu. Jedwali uliloliondoa ili simu isijae, kwake halipo.

Kundi la tatu la maswali sina dawa yake, na nimeacha kuitafuta. Ni yale yanayojibiwa juu ya ukurasa wa matokeo wenyewe. Sindano namba 90 ina unene gani? Milimita 0.9. Mtu ameshasoma, kwa nini abofye? Muhtasari wa akili unde ambao Google waliuzindua Marekani Mei 2024 umelipanua eneo hilo. Kwenye ripoti utaona kuonekana kwa ukurasa kwenye matokeo kuko pale pale na nafasi haijashuka, ila mibofyo imekwenda. Ukiuona mpangilio huo, usihariri kitu, ukurasa hauumwi. Jedwali letu la sindano nimeliacha kwa ajili ya wanaolirudia, lakini muda wetu sasa unakwenda kwenye maswali ambayo jibu lake lazima ulione: sauti ya mashine isiyo na mafuta, alama ya sindano iliyopinda, mshono unavyoonekana upande wa chini pale mvutano wa juu unapozidi.

Kuna wanaojaribu kuziba pengo kwa kumwagiza roboti aandike kurasa mia kwa wiki. Tangu Machi 2024 kufyatua kurasa kwa wingi ili kupanda tu, ziwe zimeandikwa na mtu au na mashine, ni kosa linalotajwa wazi kwenye kanuni za Google dhidi ya taka. Hata pasipo kanuni, sioni faida ya kuwa wa mia moja kusema kile kile. Na kubadilisha tarehe ya makala bila kugusa makala yenyewe ni kumdanganya msomaji kwanza, injini baadaye.

Ukurasa wa uzi kujikusanya ulirudi juu baada ya sasisho lililofuata, miezi baadaye. Ule wa mishono inayorukwa tuliuhariri kwa namna ile ile na haujasogea. Nimeuangalia tena juzi na nadhani najua sababu: waliopo juu yetu wanaonyesha video ya sindano ikishuka, nasi tuna michoro. Wiki hii nitaazima kamera inayoweza kupunguza mwendo. Kila badiliko ninaliandika kwenye daftari pamoja na tarehe yake, na pembeni tarehe za masasisho, ili sasisho lijalo likimalizika nijue ninalinganisha nini na nini.