Baiti Tatu Zisizoonekana

Safu ya kwanza ya jedwali langu iliitwa "tarehe". Nilikuwa naiona kabisa kwenye skrini, lakini programu ilishikilia kwamba hakuna safu yenye jina hilo. Ilikuwa programu huria ndogo, iliyoandikwa kwa Python, ya kugeuza mafaili ya CSV (majedwali yaliyohifadhiwa kama maandishi ya kawaida) kuwa chati, na niliitegemea kila siku kazini. Kwa siku mbili nilidhani kosa ni langu. Nikafuta nafasi, nikaandika jina upya, nikabadilisha herufi kubwa kuwa ndogo. Wapi!

Usiku wa pili nikalifungua faili kwa hexdump, programu inayoonyesha baiti, yaani vipande vidogo vya data vinavyounda faili, ili nilisome baiti baada ya baiti. Kabla ya 74, ambayo ndiyo herufi t, kulikuwa na baiti tatu nisizozitarajia: ef bb bf. Ile ni BOM, alama ambayo baadhi ya programu za lahajedwali huiweka mwanzoni mwa faili la UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kama baiti. Jicho haliioni, ila Python ikiagizwa isome kwa utf-8 tu, huihesabu kuwa sehemu ya maandishi. Basi safu yangu haikuitwa "tarehe". Jina lake lilianza na alama isiyoonekana, ndipo "tarehe" ikafuata. Dawa yake ni kuandika utf-8-sig mahali pa utf-8, ambayo huiruka alama hiyo ikiwepo, na isipokuwepo husoma kama kawaida.

Nilikuwa nimetumia programu huria miaka mingi bila kurudisha chochote, na sasa nilikuwa na kitu mkononi. Nikanakili hazina ya mradi, yaani mafaili yake yote ya msimbo, kwenye akaunti yangu, nikafungua tawi, yaani nakala ya pembeni ya kufanyia kazi, nikasahihisha, nikatuma ombi la kuunganisha, yaani kuomba badiliko langu liingizwe kwenye mradi. Nililala nikiwa na furaha kubwa.

Asubuhi nikakuta jibu la msimamizi wa mradi. Alinishukuru, kisha akauliza swali moja: badiliko lenyewe liko wapi? Nikafungua tofauti, yaani orodha ya mistari iliyotolewa na iliyoongezwa, nikakuta mistari zaidi ya mia tatu imejaa nyekundu na kijani. Nilipohifadhi faili, kihariri changu kilikuwa kimegeuza tabo zote kuwa nafasi, na sahihisho langu likafukiwa humo.

Nilikaa nikalifikiria swali lile kwa upande wake. Mtu huyu hanijui. Namwomba aupokee msimbo wa mgeni, na mimi naweza kuondoka kesho, yeye akabaki nao miaka. Lazima asome kila mstari. Tena, baadaye mtu akiuliza kwa git blame, amri ya Git, programu inayotunza historia ya msimbo, mstari fulani uliandikwa na nani na kwa sababu gani, angekutana na jina langu kwenye mistari ambayo sikuwahi hata kuisoma. Historia ya kazi ya wenzangu ingefunikwa kwa sababu ya tabo.

Ndipo nikasoma faili la CONTRIBUTING, lenye maelekezo kwa wanaochangia mradi, ambalo lilikuwa pale tangu mwanzo. Nikazima ule mpangilio wa kihariri, nikalirudisha tawi lilivyokuwa, nikasahihisha upya. Safari hii nilipiga git diff, amri inayoonyesha tofauti, kabla ya kuhifadhi komiti, yaani rekodi ya badiliko: mstari mmoja umetoka, mmoja umeingia.

Mradi ulitaka pia jaribio, yaani msimbo mdogo unaokagua kama programu inafanya kazi inavyopaswa. Nikatengeneza faili la CSV la mistari miwili linaloanza na baiti zile tatu, na jaribio linaloitafuta safu ya kwanza kwa jina. Kwanza nikaliendesha bila sahihisho, likashindwa. Nikarudisha sahihisho, likapita. Kule kushindwa nakuthamini hadi leo, maana ndiko kulikoonyesha kwamba jaribio linaikamata kasoro ile hasa. Kwenye ujumbe wa komiti nikaeleza sababu, siyo tu nilichobadilisha: alama hutoka wapi, na mtumiaji huona nini.

Nikasukuma, na ombi lilelile likajisasisha. Msimamizi akauliza jambo moja tu: faili tupu je? Nikalijaribu, likasomeka bila shida, nikaongeza jaribio la pili. Siku chache baadaye akaunganisha.

Toleo jipya lilipotoka nikalisakinisha, nikalifungua faili langu la mwanzo bila kuligusa. Chati ikachorwa, na chini ya mhimili wake pameandikwa: tarehe.