Nilivyoipima lenzi yangu ili milango inyooke

Vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, havikuachii nafasi ya kurudi nyuma. Ukitaka mlango mzima uingie kwenye picha pamoja na baraza zake, mgongo unagota ukuta wa jirani. Ndiyo maana natumia lenzi pana ya milimita 14, ambayo unailenga kwa kuizungusha kwa mkono. Tabu yake ni kupinda mistari: miimo ya mlango inavimba kwa nje, na ikikaribia pembe za picha inajikunja upande wa pili. Kwenye picha ya bahari hakuna atakayegundua. Kwa mlango ambao fundi aliuchonga kwa vipimo, mimi kasoro hiyo siikubali kabisa.

Picha zangu za RAW, yaani faili ghafi ambazo kamera haijazirekebisha, nazisafisha kwa darktable, programu ya bure. Ina moduli, yaani sehemu yenye kazi yake maalumu, ya kurekebisha lenzi inayotegemea hazina ya vipimo iitwayo Lensfun. Kwa kawaida programu inasoma taarifa zilizomo ndani ya faili, inatambua lenzi, kisha inanyoosha yenyewe. Lenzi yangu haina mawasiliano ya umeme na kamera, hivyo faili haisemi kitu, na kwenye orodha niliyokuwa nayo haikuwamo. Nikaamua kuipima mwenyewe.

Nilitumia Hugin, programu ya kuunga picha kadhaa kuwa moja pana (panorama), iliyotokana na Panorama Tools za Helmut Dersch. Nilitafuta jengo la kisasa lenye paa refu lililonyooka, nikasimama mbali nalo, kwa sababu kiasi cha kupinda hubadilika ukikaribia mno. Nikapiga huku ukingo wa paa ukipita jirani na mwisho wa picha, maana huko ndiko lenzi inakojianika. Katika Hugin unaiweka picha hiyohiyo kushoto na kulia, unatia alama kwenye ukingo ule kuanzia upande mmoja hadi mwingine, kisha unaiambia kwamba alama zote ni za mstari mmoja ulionyooka. Usizirundike katikati, zitawanye mpaka pembeni. Inakokotoa namba tatu zinazoeleza jinsi lenzi inavyopinda mistari, a, b na c. Kwa lenzi nyingi b peke yake inatosha, lakini lenzi yangu, inayopinda kama wimbi, ilizihitaji zote. Nilizinakili kwenye faili ya maandishi (XML) ambamo Lensfun huhifadhi vipimo, nikafungua darktable upya, na lenzi ikajitokeza kwenye orodha. Miimo ilisimama wima, na furaha niliyoipata siku ile sijaisahau.

Kunyoosha kunakula kingo za picha na kulainisha pembe kidogo, kwa hiyo siku hizi ninapopiga naacha nafasi ya ziada pande zote.

Kuta zinazoegemeana kwa juu ni suala jingine. Hizo zinatokana na kuinua kamera, na hata lenzi isiyo na kasoro itazionyesha. Darktable ina moduli nyingine kwa ajili ya hilo. Mimi hurekebisha lenzi kwanza, ndipo nije kwenye wima, kwani huwezi kupimia wima kwa mstari uliopinda.

Mwenye kamera mpya isiyo na kioo cha ndani (mirrorless) aangalie jambo moja: nyingi hunyoosha zenyewe picha za JPEG, yaani zile ambazo kamera imeshazitengeneza, kabla ya kuzihifadhi. Ukizirekebisha tena kwenye kompyuta, mistari itabonyea kwa ndani. Fanya kazi hii kwenye RAW.